Masikio na Wimbo wa Guu Moja

Jina la Masikio alipewa na wenzake wa redio kwa kumcheka, naye akalipokea kama nishani. Ni kweli ana masikio makubwa, yamesimama pembeni ya kichwa kama mishikio ya sufuria, lakini yeye kwa miaka arobaini aliamini wanamsifia kusikia. Ukimwita "Masikio!" barabarani anageuka taratibu, anatabasamu, anaweka kola sawa, utadhani kaitwa jukwaani. Haya, mwache afurahi. Kuna watu wamevimba kichwa kwa sababu ndogo zaidi.

Kazi yake ilikuwa maktaba ya kanda. Chumba kiko ghorofa ya chini, hakina dirisha, kimejaa rafu za chuma kutoka sakafuni mpaka darini, na kwenye kila rafu yamesimamishwa maboksi bapa ya kadibodi, ndani ya kila boksi gurudumu la utepe wa sauti. Alistaafu miaka sita iliyopita. Wakamfanyia tafrija, wakampa saa ya ukutani, wakampungia mkono. Jumatatu iliyofuata wakampigia simu arudi haraka, kwa sababu mashine ya kuchezea zile kanda iligoma kwa kila mtu isipokuwa yeye. Siri yenyewe ni kwamba mkanda wa mpira wa ndani umelegea, na yeye huubana kwa kijiti cha kiberiti mahali anapopajua. Hicho kijiti hajamwonyesha mtu. Anakuja nacho asubuhi mfukoni na kuondoka nacho jioni, na pale kazini wanaambiana, "Mzee ana mkono wake wa pekee."

Tusimwonee lakini. Masikio yenyewe yalikuwa mazuri. Ukimchezea sauti ya mtu anayekohoa, atakwambia mtu huyo alikohoa kwenye chumba cha zege au cha mbao, na mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Shida yake ni kwamba alisikia vyumba vizuri kuliko watu. Mkewe angeweza kumwita mara tatu aje ashike ngazi, akajibu baada ya mkewe kuanguka.

Mama mkwe wake alihamia kwao miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya kufiwa na mume. Alikuja na mabegi mawili na dai moja. Dai lenyewe ni kwamba Guu Moja ni wimbo wake, kautunga yeye.

Sasa Guu Moja, kwa asiyeijua, ni ile ngoma ambayo ikifunguliwa ofisi itapigwa, shule zikifungwa itapigwa, mkubwa akishuka kwenye gari itapigwa hata kama amekuja kukagua mtaro. Makofi, sauti za wanawake, maneno mafupi: "Mabovu kushoto, mazima kulia, mikono isilale." Halafu katikati, ghafla, kimya. Sekunde tatu. Wachezaji wote wanaganda, guu moja hewani, hakuna kupepesa jicho. Kisha makofi yanarudi na guu linashuka. Anayeyumba anazomewa. Mwalimu wa ngoma wa halmashauri amewashusha watoto alama kwa miaka ishirini kwa kosa la kuyumba, na kuna bwana mmoja mnene aliyeanguka na kuvunjika mkono mbele ya wageni, akapigiwa makofi kwa kuwa ameanguka akitunza mila.

Kuhusu zile sekunde tatu yuko mhadhiri mmoja aliyeandika kitabu kizima. Kwa maelezo yake, kimya kile ni wahenga wakipita katikati ya wachezaji, na ule mguu umeinuliwa ili usiwakanyage. Na yale mabovu na mazima, anasema, ni falsafa ya kale ya uovu na wema.

"Falsafa gani?" mama mkwe aliuliza siku alipomsikia mhadhiri redioni. "Hayo ni maharage! Tulikuwa tunachambua maharage ghalani, wanawake kumi na wanne tumekaa chini. Msimamizi alikataza maneno. Ukimwuliza mwenzio mtoto wako kapona, unafukuzwa. Lakini kuimba hakukataza, maana mikono ilikwenda. Ndiyo nikatunga. Maharage mabovu kushoto, mazima kulia. Wahenga wanatoka wapi hapo?"

Masikio hakumtazama usoni, kwani mama mkwe hatazamwi hivyo. Aliangalia kikombe chake cha chai na kukisemesha kikombe.

"Mama, kwa heshima zote. Wimbo wa asili hauna mwenyewe. Huo ungekuwa wako, mimi ningekuwa na kadi yake. Kadi inasema 'Asili'. Sasa tumwamini nani, mtu au kadi?"

Ndivyo alivyojibu mara ya kwanza, na ndivyo alivyojibu mara ya mia. Wajukuu wakadaka mpira. Wakamwita Bibi Mtunzi. Ukipigwa muziki wa kufungulia taarifa ya habari, mmoja anauliza, "Bibi, na huu ni wako?" Nyumba nzima inavunjika mbavu, baba yao akicheka kwa staha, mkono mdomoni. Binti yake mwenyewe, yaani mke wa Masikio, alikuwa akisema, "Mama, tusiaibishane mbele ya wageni." Bibi wa watu mwanzoni alicheka nao. Halafu akawa hacheki. Halafu akaacha kabisa kudai, ikabaki tabia moja tu: Guu Moja ikipigwa redioni, pale penye kimya, midomo yake inacheza haraka haraka bila sauti.

"Anasali," Masikio aliwaeleza watoto. Mtaalamu huyo.

Basi ikatokea kwamba halmashauri mbili, huku na ng'ambo ya mto, zikaanza kugombania Guu Moja. Kila moja ilitaka kuiandikisha kwenye daftari la urithi kuwa imezaliwa kwake. Mwenyekiti wa kamati ya huku, mtu wa mikutano, ambaye hata akisalimia utadhani anafungua kikao, aliandika barua redioni: atafutwe mtu wa kufuatilia chimbuko la wimbo kwa kutumia kanda za zamani, na aje atoe ripoti mbele ya kamati. Mwananchi mwenye neno naye aje.

Masikio aliisoma barua ile akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Jioni alimsomea mkewe kwa sauti ya kutangazia, na kabla hajasikiliza kanda hata moja alikuwa ameshachapisha jalada la ripoti, jina lake katikati kwa herufi nene, na chini yake: Mtafiti Mkuu. Ukimwuliza mtafiti mdogo ni nani, hana.

Asubuhi yake, alipokuwa akifuta viatu kibarazani, mama mkwe akatoka na kigoda chake, akakaa karibu kuliko kawaida.

"Mkwe wangu."

"Naam, Mama."

"Nina ombi, na sitalirudia. Huko kwenye makanda yako litafute la ghalani. Siku ile walikuja na gari la redio kurekodi mashine ya kupepeta, wakatusikia tunaimba. Mashine ikazimwa. Kijana aliyeshika kipaza sauti akaniambia, taja jina lako, mama. Nikalitaja. Kwa mdomo wangu huu. Sasa nenda kasikilize. Kama halimo, basi nilikuwa naota, na hao watoto wacheke mpaka washibe. Mimi nina miaka themanini na moja. Sitaki kuondoka duniani naitwa mwongo na wajukuu zangu."

"Nitaangalia, Mama," alijibu Masikio, kwa ile sauti anayoambiwa mtoto anayetaka kununuliwa ndege.

Akaingia kazini. Kanuni yake ni kurudi nyuma: unaanza na rekodi ya juzi, unaitafuta iliyoigwa na hiyo, halafu iliyoigwa na hiyo nyingine, mpaka ufike mahali ambapo hakuna nyuma tena. Alianza na kaseti ya kikundi cha halmashauri. Kimya kipo, sekunde tatu. Akarudi kwenye kwaya ya shule moja. Kimya kipo, ila kuna mtoto kapiga chafya ndani yake, na ukisikiliza vizuri unamsikia akichapwa. Akarudi kwenye santuri ya bendi ya dansi. Kipo. Akarudi kwenye santuri ya bendi ya tarumbeta ya askari, ambako kiongozi anahesabu kwa mnong'ono "moja, mbili, tatu" kabla tarumbeta hazijarudi. Kipo! Kila alipokikuta aliandika kwenye daftari, na kila alipoandika alizidi kunenepa. Siku ya tatu aliandika sentensi aliyoipenda sana hata akaisoma kwa wafagiaji: "Kimya hiki ni cha kale kuliko vyombo vyetu vyote vya kurekodia."

Siku ya nne alifika kwenye kanda ya kipindi cha wakulima. Hapo ndipo wote walipouchukulia wimbo. Kipindi kile kilikuwa hewani kila siku isipokuwa Jumapili, miaka kumi na moja mfululizo, na wimbo wake wa kufungulia ulikuwa Guu Moja. Watu walijifunzia kucheza hapo, redio ikiwa juu ya kabati. Masikio aliiweka kanda kwenye mashine, akachomeka kijiti chake, akafumba macho kama kawaida yake. Wanawake. Sakafu ya saruji. Paa la bati. Nyuma ya makofi palikuwa na sauti nyingine ndogo, tratata, tratata, kila wanaposema "mabovu" inatoka upande mmoja, wakisema "mazima" inatoka upande mwingine. Mchanga si mchanga, mvua si mvua.

Maharage. Yalikuwa maharage yakitupwa kwenye debe.

Alifumbua macho. Mtu mwingine angesema, loo, bibi wa watu kasema kweli. Masikio alijiambia kwamba ghala haliwezi kuwa ushahidi, maana hata wimbo wa wahenga unaweza kuimbwa ghalani. Akaenda rafu ya nyuma, ile ya kanda ghafi, zile ambazo nyimbo za vipindi zilinakiliwa kutoka kwazo. Akapanda ngazi, akatimua vumbi, akashuka na boksi. Mgongoni pameandikwa: "Wanawake, ghalani. ASILI."

Mwandiko aliujua. Ile A yenye mkia anaiandika mtu mmoja tu katika dunia hii, na mtu huyo wakati huo alikuwa ameshika boksi na kupiga chafya.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wa maktaba ya kanda hawapendi lielezwe. Kila kanda ilikuwa na kadi, na kwenye kadi kulikuwa na mstari wa Mtunzi. Ukiandika jina la mtu kwenye mstari huo, unatakiwa ujaze fomu ya mtunzi, nakala tatu, kwa taipureta, ueleze anakaa wapi, mtoto wa nani, halafu mtu aende nayo huko ikasainiwe. Ukiandika "Asili", hujazi kitu. Unafunga boksi, unanawa mikono, unakwenda zako. Vijana wa maktaba wa enzi zile waliligundua neno hilo wiki ya kwanza ya kazi. Likawa tamu sana. Wimbo wa mama anayebembeleza mtoto: Asili. Wimbo wa fundi seremala aliyeutunga juzi na kuuimba akiwa hata randa hajaiweka chini: Asili. Mhadhiri na wenzake wakaja miaka ya baadaye, wakakuta rafu nzima za Asili, wakashangaa jinsi watu wetu walivyokuwa na nyimbo nyingi zisizo na mtunzi. Wakaandika vitabu. Wangeuliza habari za taipureta.

Na kama kwenye kanda mtu amejitaja? Kadi inasema Asili na sauti inasema mimi fulani, mkubwa akisikia utaulizwa. Basi unakata. Unaweka utepe kwenye kibao chenye mfereji, unapitisha wembe, unaunganisha kwa gundi ya karatasi. Masikio alikuwa hodari wa wembe. Ila mkuu wao wa enzi hizo alikuwa na sharti moja: sauti haitupwi. Kilichokatwa kinawekwa kwenye bahasha na bahasha inabanwa ndani ya mfuniko wa boksi.

Alifungua mfuniko. Bahasha ipo. Ndani yake utepe wa kahawia, kama urefu wa mkono uliokunjuliwa, umejikunja kwa uzee.

Na ndipo akaikumbuka siku yenyewe. Si yote, ila ya kutosha. Ilikuwa Ijumaa. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa imeingia juu ya makofi, na alipoikata na kuunganisha ncha mbili, makofi yakagongana kama watu wawili mlangoni. Akajaribu tena, yakagongana tena. Wenzake walishavaa makoti. Akachukua kipande cha utepe mtupu, usio na sauti yoyote, akakichomeka pale katikati ili kipindi kisichelewe, akisema Jumatatu atarekebisha. Jumatatu hakurekebisha. Kipindi kikaenda hewani hivyo hivyo. Watoto waliokuwa wakicheza mbele ya redio, sauti ilipokatika mguu ukiwa juu, waliuacha juu wakingoja. Sauti iliporudi, wakaushusha.

Hao ndio wahenga wa mhadhiri. Ni kijana mmoja aliyetaka kwenda nyumbani Ijumaa.

Masikio alikaa chini kwenye sakafu na suruali yake iliyopigwa pasi. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilijua kazi hata kama mwenyewe hana hali, akatoa utepe mtupu, akarudisha kipande mahali pake, akabandika, akabonyeza mashine. Makofi. Mabovu kushoto. Mazima kulia. Halafu sauti ya mwanamke kijana, anahema kidogo kwa kuimba, anacheka kidogo kwa kuona haya: "Huu nimetunga mimi," na hapo akajitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, haraka haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu. Kisha makofi.

Lilikuwa jina la mama mkwe wake. Na ile haraka aliijua. Ndiyo midomo aliyoiona ikicheza bila sauti nyumbani kwake miaka kumi na tisa, yeye akiwaambia watoto anasali.

Mngedhani alikimbia nyumbani kupiga magoti. Wapi! Alifanya hesabu za mtu mzima ovyo. Akisema ukweli, ataulizwa nani alikata. Jalada limeshachapishwa. Kile kimya cha kale kuliko vyombo vyote kimeshasomwa kwa wafagiaji. Jioni alipoingia, mama mkwe alikuwa kwenye kigoda palepale, akainua macho.

"Bado, Mama," alisema Masikio. "Kanda ni nyingi."

"Sawa, baba," alijibu bibi, akaingia ndani.

Alhamisi kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, meza ndefu ya kitambaa cha kijani, chupa za maji mbele ya kila mkubwa. Mwenyekiti katikati. Mhadhiri kulia kwake, kitabu chake kimesimamishwa mezani ili watu wasome jina. Mwalimu wa ngoma kushoto, na mwishoni katibu, dada mmoja asiyesema, anayeandika tu. Masikio alileta mashine kwa mkokoteni na maboksi mawili: la kanda ya kipindi, yenye kimya, na la ile ya ghalani aliyoiunga upya. Alikuwa ameamua atacheza ya kipindi. Ya ghalani aliibeba kwa sababu gani, hata mwenyewe hakujua, labda kama mtu anavyobeba mwavuli wakati wa jua.

Viti vya wananchi vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja cha mstari wa nyuma. Mama mkwe wake alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea na viatu vya kufunika vidole, amekuja peke yake, amekalia ncha ya kiti. Masikio alipomwona akaanza kupapasa mfuko, akitafuta kijiti chake.

"Karibu Mtafiti Mkuu," alisema mwenyekiti.

Mtafiti Mkuu akaweka kanda ya kipindi. Makofi yakajaa ukumbini. Mabovu kushoto, mazima kulia. Kikaja kimya. Mwalimu wa ngoma, kwa heshima, akainua guu moja chini ya meza na kitambaa cha kijani kikapanda. Mhadhiri akafumba macho kuwapisha wahenga.

Na kutoka mstari wa nyuma mwanamke mzee akasema jina lake, la baba yake na la babu yake. Alisema kwa sauti, haraka haraka, akamaliza, na makofi yakarudi palepale alipomaliza, bila kugongana.

Mwenyekiti akacheka. Mhadhiri akacheka. "Bibi ametuwahi," alisema mwalimu wa ngoma, na guu likashuka. Walicheka kwa wema kabisa, kama watu wanavyowacheka watoto na wazee.

Masikio hakucheka. Yeye peke yake humo ndani alikuwa amelisikia jina lile likisemwa hivyohivyo, kwa pumzi ileile, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Sauti imekauka, imepanda, imepasuka pembeni, lakini mwendo ni uleule, kupungukiwa pumzi kwenye jina la babu ni kulekule. Mtu hawezi kuota kitu kikaingia kwenye tundu lake kwa kipimo kile. Mikono yake ikaizima mashine. Ikatoa gurudumu. Ikafungua boksi la pili.

"Mtafiti, ripoti je?" aliuliza mwenyekiti.

"Ripoti ni hii," alisema Masikio, akabonyeza.

Safari hii hakukuwa na kimya. Kulikuwa na mwanamke kijana anayecheka kwa kuona haya na kusema huu nimetunga mimi. Kanda ilipokwisha, utepe ukabaki unajipigapiga kwenye gurudumu tap, tap, tap.

"Na kile kimya?" mwalimu wa ngoma ndiye aliyeanza. "Ule mguu? Nimewafundisha watoto miaka ishirini!"

"Kile kimya ni changu," alisema Masikio. "Nilikata jina, nikaweka utepe mtupu. Ilikuwa Ijumaa."

Mhadhiri alikilaza kitabu chake taratibu, jina likaangalia meza. Mwenyekiti lakini alikuwa mtu wa mambo ya maana. Aliinama mbele.

"Hilo ghala, bibi. Lilikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto," alisema mama mkwe. "Huku nimekuja nilipofiwa na mume."

Mwenyekiti akajikohoza. Akamgeukia Masikio, akashusha sauti kama vile ukumbi ulikuwa na mtu mwingine asiyesikia. "Mzee wangu. Hicho kipande. Kinaweza kutoka tena?"

Masikio alimtazama. Wembe ulikuwepo, hutembea nao kila mahali. Na kazi yenyewe ni ya dakika mbili, mkono wake unaijua.

"Kinaweza," alisema. "Lakini mimi siwezi."

"Basi kamati iahirishe jambo hili mpaka—"

"Mwenyekiti, nimeshaandika," alisema katibu, na ndiyo mara ya kwanza watu kuisikia sauti yake. "Jina lote, la baba na la babu. Nimeandika kwa wino."

Wakatoka. Wajumbe walipita mbele wakizozana kuhusu nani ataiambia halmashauri, mwalimu wa ngoma akiwauliza wote kama watoto sasa wainue mguu au wasiinue. Masikio alibaki na mkokoteni wake kwenye korido, na mama mkwe amesimama kando yake, mkoba mkononi. Hakuwa analia wala hakuwa anacheka.

"Miaka yote ile nilijua nilisema," alisema bibi. "Halafu mkanicheka mpaka nikafika mahali nikajiuliza, au sikusema? Nikawa nalala na hilo swali. Nikaogopa akili inaniondoka. Ndiyo maana nilikuwa nalitaja kila siku, nisije nikalisahau na lenyewe."

"Nisamehe, Mama."

Bibi aliangalia boksi juu ya mkokoteni, akapitisha kidole kwenye lile neno la mgongoni.

"Yako mangapi?"

"Nini, Mama?"

"Maboksi uliyoandika Asili."

Masikio anajua idadi ya kila kitu kilichoko kwenye chumba kile, ndiyo fahari yake. Alitamani kwa mara ya kwanza maishani asijue.

"Mia sita na arobaini na mbili."

Bibi alitikisa kichwa polepole, akapachika mkoba begani.

"Na wenyewe wote hao," aliuliza, "wana wakwe redioni?"